Alphonce na Nadharia ya Wafu Watoro

Alhamisi, tarehe 25 Agosti 1994. Asubuhi wingu lilikaa juu ya milima ya mawe hapa Masasi, baridi kidogo, na manyunyu yasiyolowesha shati. Saa nne wingu likaondoka, upepo ukaanza kupeperusha vumbi mpaka jioni.

Siku hiyo Alphonce Nandonde alitakiwa kumwonyesha mwalimu wake wa chuo kikuu mtu mwenye hekima. Ndivyo alivyokuwa ameahidi kwa maandishi, kurasa tisini na mbili, na kurasa hizo nilizipiga chapa mimi kwenye kibaraza ninachokodi Mkomaindo, kando ya njia ya hospitali. Ninaziandika habari zake kwa sababu watu wa kwao Mnyambe wananiuliza mpaka leo kilichotokea, na kila anayewasimulia anaongeza lake.

Alphonce alizaliwa Mnyambe mwaka 1967, mtoto pekee wa Perpetua. Baba yake alivuka Ruvuma kutafuta kazi na hakurudi, kwa hiyo mtoto alilelewa na mjomba, Godwin, aliyekuwa seremala Lupaso. Mjomba ndiye aliyempeleka seminari ndogo. Baada ya miaka minne Alphonce alitoka seminari akieleza kwamba hoja za kuwepo kwa Mungu hazijamridhisha. Mama yake aliwaambia majirani kwamba ni malaria. Alimaliza kidato cha sita mahali pengine, akaenda jeshi la kujenga taifa, akafundisha kidogo, kisha akaingia chuo kikuu kusoma falsafa. Mama Alphonce alipomuuliza falsafa ni kitu gani, alijibiwa kwamba ni kusomea kufikiri. Mama akauliza kama walimu wa Mnyambe hawakumfundisha hilo.

Mwaka ule wa 1994 alikuwa anamaliza. Zamani aliyemaliza chuo kikuu alipangiwa kazi na serikali kabla hajafunga sanduku lake. Mpango huo ulikuwa umekwisha. Serikali ilikuwa ikipunguza watu, vyama vya ushirika vilikuwa vikipunguza watu, na wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na mizani zao kununua korosho bila kuhitaji makarani wengi. Mhasibu angeweza kuokotwa na mmoja wao. Mwanafalsafa hakuwa na wa kumwokota. Ilibaki nafasi moja tu, nayo ilikuwa kubakizwa chuoni kama mhadhiri msaidizi, na walioitaka walikuwa wawili: Alphonce na msichana mmoja aitwaye Violet. Alphonce alimtaja Violet kwa dharau nyingi mno, nikajua kwamba anamwogopa. Atakayeandika utafiti bora ndiye angebakizwa. Asiyebakizwa angerudi kwao na shahada yake kwenye bahasha. Jambo hili Alphonce alimweleza kila mtu: utingo wa basi, padre, na mama anayeuza vitumbua mbele ya kibaraza changu. Hakuna aliyemuuliza.

Mada ya utafiti wake ilikuwa dhana ya mauti kwa watu wa uwanda wa Makonde. Alipanda Newala mwezi wa sita akiwa na koti la suti, kinasa sauti cha chuo na orodha ya maswali ishirini na manne. Swali la kwanza lilikuwa: je, mauti ni tukio au ni hali? Mzee wa kwanza kuulizwa, pale Mnyambe, aliomba swali lirudiwe. Liliporudiwa akauliza ni nani aliyemtuma. Alipoambiwa, akauliza kama kijana anaumwa. Bibi mmoja, Veridiana, aliyekuwa anamenya muhogo, hakuinua hata macho. Alimwambia aende kwa padre kwa kuwa ndiyo kazi yake. Waislamu walimwelekeza kwa shehe. Padre na shehe kila mmoja alimpa jibu ambalo limo kitabuni tangu zamani.

Baada ya wiki tatu Alphonce aliandika katika daftari lake kwamba watoa habari wa eneo hili hawana mazoea ya kufikiri kwa dhana. Daftari hilo nimelisoma. Alikuwa anawasema watu wanaotazama ua la mkorosho asubuhi na kukwambia ni siku gani ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, utaingia. Kosa lao ni kwamba hawakulijua jina la mtihani waliokuwa wanapewa.

Tarehe 2 Julai mjomba Godwin alifariki Lupaso. Alphonce aliteremka na mama yake kwenda kuzika, na kinasa sauti akakichukua.

Kwa watu wa huku msiba hauendi bila watani. Ukoo wa akina Alphonce, yaani ukoo wa mama yake na marehemu Godwin, una watani wake, na mtani mkubwa wa Lupaso ni Nikolao, fundi baiskeli, mtu wa miaka hamsini na kitu. Mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeosha vyungu, ndiye anayezoa majivu ya jiko siku ya tatu. Kwa malipo ya kazi hizo anaruhusiwa kusema lolote juu ya marehemu na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Nikolao aliifanya kazi yake vizuri. Aliingia kaburini akajinyoosha, akasema limechimbwa zuri kupita kiasi, halimfai Godwin, yeye mwenyewe atalichukua. Akasema Godwin hakufa, ametoroka: ameona mikorosho inataka kupuliziwa salfa ya kuzuia ubwiri, akatafuta njia ya kuikwepa. Akasema wafu wote ni watoro, ndiyo maana wanafungiwa chini ya udongo, wasije wakatoroka mara ya pili, na sisi tuliobaki tunalima shamba letu na lao.

Mimi sikuwepo, lakini nimeisikiliza kanda ile mara sita, kwa kuwa Alphonce aliniletea ili nimsaidie kunakili maneno. Inasikika wazi kwamba watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Anasikika Mama Alphonce mwenyewe akisema, huku anacheka na makamasi, kwamba Godwin alikuwa mvivu wa salfa kweli.

Kicheko hicho hakikuingia katika maandishi. Kutokana na kanda ile Alphonce alitengeneza sura nzima ya tatu. Niliyoipiga chapa kwa Kiingereza ilisema kwamba Mzee Nikolao wa Lupaso, mwanahekima anayeheshimiwa, anashikilia kuwa kufa ni kuacha wajibu kabla ya wakati. Kwamba kaburi katika fikra zake ni chombo cha kuzuia. Na kwamba hapa pamepatikana nadharia kamili ya mauti, ambayo haijawahi kuandikwa na mtu. Nadharia hiyo aliilinganisha na za Wagiriki watatu na Mjerumani mmoja, na Nikolao akawashinda wote.

Nilipofika ukurasa wa arobaini na moja nilimuuliza kama huyu Nikolao si ndiye mtani wao.

"Baba Lois," akanijibu, "hilo ni suala la kijamii. Mimi nashughulika na dhana."

Nilimwambia kwamba mtu yule alikuwa anatania. Akasema hata mzaha una mantiki yake ndani, na ni kazi ya mtafiti kuitoa. Neno mtani halimo popote katika kurasa zile tisini na mbili. Hakulisahau. Alizaliwa ndani ya utani huo na amekula ubwabwa wa misiba yake tangu utotoni. Aliliacha kwa sababu lingeiharibu sura.

Nakala ya kwanza aliituma kwa basi katikati ya Agosti. Jibu lilikuja haraka, na lilimfurahisha kwa siku moja. Msimamizi wake, Dk. Erasto, mtu wa Mbeya, aliandika kwamba sura ya tatu ni jambo ambalo hajalisoma popote, kwamba kwa sura hiyo nafasi ile iko karibu sana na Alphonce, na kwamba, kwa kuwa atakuwa Mtwara kwenye mkutano, Alhamisi tarehe 25 atapitia Lupaso amsikie Mzee Nikolao kwa masikio yake.

Alphonce alikwenda Lupaso siku hiyohiyo kwa baiskeli ya kuazima. Nikolao alimsikiliza mpaka mwisho huku anaziba pancha. Akasema kumpokea mgeni atampokea, lakini maneno yale hana tena. Alphonce akadhani anataka zawadi. Akarudi kesho yake na sukari na sabuni. Nikolao akapokea, akashukuru, akasema tena kwamba maneno hana. Alphonce aliniambia kwamba mzee anajivunga tu na akimwona msomi mgeni atafunguka. Akaniomba nifuatane nao nikaandike kwa hati mkato, kwa sababu betri za kinasa sauti zilikuwa zimekwisha na Masasi nzima hazikupatikana za ukubwa ule.

Tulifika Lupaso saa saba kwa gari la chuo. Tulipokelewa nyumbani kwa marehemu, maana mjane wake, Agatha, ndiye mwenyeji pale, na Mama Alphonce alikuwa bado anakaa naye. Viti viliazimwa kanisani. Dk. Erasto alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyewaamkia wazee wote na kula muhogo aliopewa. Nikolao alikuja amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee," akasema Alphonce, kwa adabu ambayo kwake ilikuwa mpya.

"Leo unaniamkia?" Nikolao akamtazama juu chini. "Ukoo wenu umeanza lini kuwa na adabu? Au umepungukiwa sukari, umefuata ile uliyonipa?"

Watu wakacheka. Dk. Erasto akacheka pia, akatoa kalamu. Akaeleza kwamba amesoma mawazo ya mzee juu ya mauti, kwamba kufa ni utoro, na kwamba amesafiri ili aelezwe zaidi.

Nikolao alimtazama Agatha kwanza. Kisha akauliza maneno hayo yamesemwa na nani. Akaambiwa ni yeye. Akauliza yamesemwa wapi. Akaambiwa ni hapohapo, mwezi wa saba.

"Mwezi wa saba hapa palikuwa na msiba," akasema. "Leo hapana. Majivu nilizoa mwenyewe. Nikisema leo kwamba Godwin alikuwa mtoro, nimemtukana mume wa mtu mbele ya mke wake, natozwa kuku wawili, na kunitoza ni haki."

Dk. Erasto akaacha kuandika. Akamgeukia Alphonce akamuuliza, kwa sauti ya chini, mbona haya hayamo. Alphonce akajibu kwa Kiingereza kirefu. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Alipomaliza Kiingereza akamgeukia Nikolao, akamwomba aseme tu kama mfano, bila kumtaja marehemu.

"Hata mfano unataka maiti," akasema Nikolao. "Mimi sisemi hewani kama kichaa. Wewe ni wa ukoo huohuo, utani wangu nawe upo. Lala hapo, nitasema."

Alphonce alicheka. Nikolao hakucheka. Alikuwa ameshamwomba Agatha mkeka, na Agatha alishautandika. Dk. Erasto akasema, taratibu kabisa, kwamba pengine ingesaidia. Basi yule mtu wa mwaka wa tatu, aliyewashinda Wagiriki watatu na Mjerumani, akavua viatu na kulala chali juu ya mkeka uani kwa mjomba wake, na koti lake la suti mwilini, macho ameyafumba kwa sababu ya jua.

Nikolao alimzunguka mara moja. Haya ndiyo aliyosema, na niliyaandika yote.

"Huyu hamkufiwa naye leo. Huyu alikufa zamani, siku alipopanda basi kwenda kusoma. Ni njaa tu ilikuwa inamrudisha likizo. Mama yake anateremka bondeni na ndoo, anapanda na ndoo, yeye yuko barazani anamuuliza mama maji ni nini. Mjomba aliyemlea kalala ndani hana pumzi, vijana wanachimba, yeye kashika redio. Tulimpa jembe. Akalitazama, akauliza mpini unaanzia wapi. Sasa nawaombeni jambo moja, wafiwa. Mzikeni kifudifudi. Mkimzika chali, kila anayepita juu ataulizwa swali."

Agatha alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Jirani mmoja alilazimika kuketi chini. Dk. Erasto alivua miwani akaifuta. Alphonce pale mkekani alijaribu kutabasamu, lakini mtu aliyelala chali hawezi kutabasamu kwa heshima, na midomo yake ilibaki imevutwa upande mmoja.

Aliyelimaliza jambo lile ni mama yake. Hakupaza sauti.

"Yatosha, Nikolao. Ninaye huyu mmoja tu. Inuka, mwanangu, inuka hapo chini."

Nikolao akanyamaza palepale, akampa Alphonce mkono akamwinua, akamkung'uta vumbi mgongoni kama mtu anayekung'uta cha kwake. Kwa upande wake lilikuwa limekwisha.

Dk. Erasto akauliza swali moja tu. Je, hayo aliyoyasema, mzee anayaamini?

"Kuyaamini?" Nikolao alishangaa kweli. "Nasali Jumapili kama hawa wengine. Hayo nawapa wafiwa wapate kumeza ugali. Asiyecheka hali, na asiyekula siku tatu tutamzika naye."

Hapo msimamizi alimwambia Alphonce maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyotoka, kwa Kiswahili, mbele ya wote. "Nadharia lazima iwe na mwenye nayo. Hii haina. Uliusikia msiba, ukamwandika mtu, msiba ukauacha." Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo ambalo watu wanaosimulia hulisahau. Alimwambia bado ana wiki tatu. Akae palepale Lupaso. Aandike mtani ni nani, anapewa ruhusa lini, ananyang'anywa lini, na kwa nini mjane aliyefiwa jana anacheka na kicheko hicho kinamsaidia nini. Jibu la mzee juu ya kumeza ugali, alisema, lina falsafa kuliko sura nzima. Kazi ya namna hiyo hata Violet hawezi kuifikia, kwa sababu hana mlango wa kuingilia, na Alphonce mlango anao, amezaliwa ndani yake. Akiileta, msimamizi mwenyewe atampigania nafasi.

Sijawahi kusikia mtu aliyekamatwa akipewa njia nzuri namna ile. Agatha akasema chumba cha useremala kipo, na kitanda ni kile alichotengeneza marehemu. Nikolao akasema kama anataka kujua utani aje asubuhi na jembe, jirani yao mmoja yu mahututi. Mama Alphonce alikwenda ndani, na nilimwona kwa mlango akifagia chumba.

Alphonce akakubali yote. Akasema anarudi nasi Masasi kuchukua vitu vyake, na kesho asubuhi atakuwa Lupaso.

Dk. Erasto alituacha Mkomaindo, akaendelea na safari yake ya Tunduru na Songea kwenda kwao likizo. Tulipobaki wawili, Alphonce aliniambia kwamba washamba wamemwaibisha kwa makusudi, na kwamba Nikolao alitaka tu kujionyesha mbele ya gari. Kisha akaniomba nimsomee maneno ya msimamizi kutoka kwenye hati mkato. Nikasoma. Pale penye "lazima iwe na mwenye nayo" akanisimamisha, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniaga.

Ijumaa asubuhi alifika kibarazani saa moja na nusu, kabla sijaondoa kitambaa juu ya mashine. Alikuwa na begi, na tiketi ya basi la Dar es Salaam ilikuwa mfukoni mwa koti. Aliniwekea sura ya tatu mezani. Usiku alikuwa ameipitia kwa kalamu nyekundu, na kila palipoandikwa kwamba Mzee Nikolao wa Lupaso anashikilia, alikuwa amekata na kuandika kwamba mwandishi anashikilia. Nilihesabu: mahali kumi na tisa. Ulinganisho na Wagiriki aliuacha kama ulivyo, ila sasa aliyewashinda alikuwa yeye.

Nilimuuliza kama msimamizi atakubali.

"Alitaka mwenye nayo," akasema. "Yupo. Nikolao ameikana mbele ya mashahidi, na wewe uliandika."

Nilimuuliza pia juu ya mama yake, aliyekuwa anamngoja. Akasema atamwandikia barua.

Nilifanya kazi niliyopewa. Nilipaka wino mweupe, nikasubiri ukauke, nikapiga chapa juu yake, mahali kumi na tisa, naye akiwa amesimama nyuma yangu anaweka alama kila palipobadilishwa. Tulipomaliza aligeuza kurasa mpaka mwanzoni, kwenye shukrani, ambako Nikolao alikuwa wa nne baada ya Mungu, chuo na msimamizi.

"Na hapa mtoe," akasema. "Nikimshukuru, wataniuliza kwa lipi."

Nikamtoa. Alphonce alipuliza ukurasa mpaka ukakauka, akauingiza kwenye bahasha pamoja na kurasa nyingine, akatembea kwenda stendi.